SOMO LA UFUNDI: Oili Inavuja Wapi? Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Gari la miaka mingi likiacha doa jeusi mahali lilipolala, wengi wetu huchukua moja kati ya hatua mbili. Wapo wanaoongeza oili kila wiki na kuendelea na safari. Wapo pia wanaomwambia fundi abadilishe sili zote mara moja. Njia zote mbili ni ghali: ya kwanza inaweza kuua injini, na ya pili humfanya mwenye gari alipie spea ambazo hazikuwa mbovu.

Somo hili ni la wenye magari, madereva wa magari ya mizigo na vijana wanaosomea umekanika katika vyuo vya ufundi vya kaunti. Linafundisha jambo moja kuu: tafuta chanzo kwanza, na uanzie juu.

Kwa nini gari kuukuu hupoteza oili

Nchi yetu huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka 8. Kwa hivyo gari nyingi huanza kazi hapa zikiwa tayari na umri. Toyota Probox, kwa mfano, ilianza kutengenezwa mwaka wa 2002, na nyingi zimebeba maziwa, mboga na abiria kwa miaka mingi.

Mahali vyuma viwili vya injini vinapokutana huwekwa gasketi. Mahali chuma kinachozunguka kinapotokeza nje huwekwa sili ya mpira. Joto la kila siku hukausha mpira huo hadi ukawa mgumu na kupasuka, na oili hupata njia.

Injini ya Probox ya lita 1.5 hubeba takriban lita 3.7 za oili pamoja na filta. Ikipotea lita 1, zaidi ya robo imekwenda. Oili ikipungua sana, pampu hufyonza hewa, beringi za krenki hukosa ulainisho na injini hukwama. Dereva aliyebeba maziwa hupoteza mzigo na injini siku hiyo hiyo. Isitoshe, oili inayodondokea bomba la moshi lenye moto inaweza kuwaka.

Hakikisha kwanza ni oili ya injini

Weka kadibodi safi chini ya gari usiku kucha, kisha soma rangi asubuhi:

- Kahawia au nyeusi, yenye utelezi: oili ya injini.
- Nyekundu: mara nyingi ni oili ya gia za otomatiki au ya usukani.
- Kijani au waridi, yenye majimaji: maji ya rejeta.
- Maji safi yasiyo na rangi: huenda ni ya kiyoyozi, na si tatizo.
- Nzito yenye harufu kali kama ya kiberiti: oili ya gia boksi.

Kama kiwango cha oili kinashuka bila doa lolote chini, na gari linatoa moshi wa bluu, oili inaungua ndani ya injini. Huo ni ugonjwa mwingine.

Hatua tano za kutafuta chanzo

1. Pima. Egesha mahali tambarare, zima injini na usubiri dakika 10. Soma kijiti cha kupimia oili, kisha uandike kiwango na kilomita. Rudia baada ya wiki moja ili ujue kasi ya upotevu.

2. Osha. Injini ikiwa baridi, funika altaneta na mdomo wa kuvutia hewa kwa mfuko wa plastiki. Paka sabuni ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi na usuuze kwa maji ya polepole. Injini chafu haiwezi kuchunguzwa.

3. Paka poda. Ikishakauka, nyunyizia poda ya mtoto sehemu unazoshuku. Oili mpya itachora mstari juu ya weupe.

4. Endesha kwa dakika 15 hadi 20, kisha uzime.

5. Angalia kwa tochi kuanzia juu kwenda chini. Oili hutiririka kwenda chini, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Tone unaloliona chini huenda limesafiri kutoka mbali. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo chanzo.

Usisahau pumzi ya injini

Injini ina vali ndogo ya kupumulia, ambayo hutoa gesi ndani ya injini na kuirudisha kwenye mfumo wa hewa. Ikiziba, presha hujaa ndani na kusukuma oili kupitia kila sili dhaifu. Ukibadilisha gasketi bila kurekebisha vali hiyo, gasketi mpya nayo itavuja.

Kuipima ni rahisi. Injini ikinguruma taratibu, fungua kifuniko cha kutilia oili na uweke kipande cha karatasi juu ya tundu, ukikishika ukingoni kisije kikaangukia ndani. Karatasi ikivutwa kidogo, hali ni nzuri. Ikirushwa juu, kuna presha. Ng'oa vali na uitikise: nyingi hulia zikiwa nzima, na zisipolia zimeganda. Kama vali ni nzima na presha bado ipo, huenda ringi za pistoni zimelika. Mwombe fundi apime kompresheni kabla ya kutumia pesa kwa sili.

Sehemu zinazovuja na tiba yake

*Gasketi ya tapeti kava.* Iko juu ya injini na huvuja mara nyingi. Jaribu kukaza boliti kidogo. Zikikazwa kupita kiasi kava hupasuka. Ikiendelea kuvuja, badilisha gasketi, safisha nyuso zote mbili, kisha kaza ukianzia katikati kwenda pembeni.

*Filta ya oili.* Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umenata kwenye injini, kwani mipira miwili ikipandana oili hutoka kwa wingi. Paka mpira mpya oili, zungusha hadi uguse, kisha kaza kwa mkono robo tatu ya mzunguko.

*Nati ya sampu.* Badilisha washa yake kila unapomwaga oili. Usikaze kwa nguvu zote, la sivyo utaharibu nyuzi za sampu.

*Suichi ya presha ya oili.* Ikilowa kwenye waya zake, suichi yenyewe imekwisha. Ibadilishe.

*Sili ya mbele ya krenki.* Huonekana nyuma ya puli. Puli hung'olewa, na sili mpya huingizwa ikiwa sawasawa, upande wenye springi ukielekea ndani kwenye oili.

*Sili ya nyuma ya krenki.* Oili hutokea kati ya injini na gia boksi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu gia boksi lazima ishushwe. Tapeti kava ikivuja upande wa nyuma, oili yake hutiririka hadi pale pale na kuonekana kama sili hii. Usikubali gia boksi ishushwe kabla ya kuosha na kupaka poda.

Silikoni haichukui nafasi ya gasketi. Ikipakwa nyingi, vipande huanguka ndani na kuziba chujio la pampu.

Usalama kwanza

Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tumia stendi, na uweke vizuizi kwenye magurudumu. Matofali hupasuka ghafla. Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa njiani, egesha na uzime injini papo hapo. Taa hiyo huonyesha kwamba presha imeshuka, na kusonga mbele hata kidogo kunaweza kuharibu injini.

Oili chafu

Oili iliyotumika ina vumbi la chuma na kemikali. Usiimwage kwenye mtaro, shambani au barabarani ili kupunguza vumbi. Mtaro wa maji ya mvua hupeleka oili hadi mtoni, ambako watu na mifugo hunywa. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji. Ihifadhi kwenye jerikeni yenye kifuniko, na uikabidhi gereji inayouza kwa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini sehemu ya chini iliyolowa si lazima iwe chanzo?
2. Ni nini hutokea ukibadilisha gasketi huku vali ya kupumulia imeziba?
3. Fundi anasema sili ya nyuma ya krenki imekwisha. Utamwomba afanye nini kabla ya kushusha gia boksi?

Ukiweza kuyajibu yote, utaelewana vizuri na fundi wako, na utalipia kazi inayohitajika tu.