Mazoezi ya Usiku na Sauti Inayochelewa

Somo: 1 Mambo ya Nyakati 25:6-8, 1 Samweli 16:14-23

Somo la wiki hii linaelekea zaidi kwa timu ya sifa, lakini wengine msifunge ukurasa, maana vyombo tunanunua kwa sadaka yenu.

Waliofundishwa kumwimbia Bwana walihesabiwa, wakawa 288, wote wastadi. Ustadi huo haukushuka asubuhi ya ibada. Hata Daudi, kabla Sauli hajamwita, tayari kulikuwa na mtumishi aliyejua kwamba kijana wa Yese ni fundi wa kinubi. Alijifunzia wapi? Hatuambiwi, ila alipoitwa alikuwa na kondoo.

Sisi wa ploti hatuna malisho. Ukuta ni mmoja na jirani, mtoto wake amelala, na amplifaya ya gitaa saa nne usiku si ushuhuda mzuri hata kama unapiga wimbo wa kuabudu. Ndiyo maana vijana wetu wananunua hedifoni zisizo na waya. Nia ni nzuri. Shida iko kwa Bluetooth.

Sauti ikipita kwa Bluetooth inafinywa kwanza, inatumwa vipande vipande, inangoja kidogo ndani ya hedifoni, halafu inafunguliwa ndipo uisikie. Kwa hedifoni nyingi za kawaida safari hiyo inaweza kuchukua milisekunde 200. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini piga hesabu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo kila milisekunde 500, kwa hivyo umechelewa karibu nusu ya pigo. Ni kama wewe umesimama upande mmoja wa uwanja wa mpira na amplifaya yako iko upande wa pili, karibu mita 70.

Ukisikiliza mahubiri tu huwezi kugundua, kwa sababu hakuna kitu cha kulinganisha. Ukitazama video, simu mara nyingi inachelewesha picha ili midomo ilingane na maneno. Lakini gitaa haliwezi kukungojea, kidole kimeshagusa uzi! Basi mkono unaanza kujirekebisha wenyewe: huyu anavuta mwendo, yule anatangulia pigo. Mazoea hayo ndiyo yanapanda madhabahuni Jumapili, na mpiga ngoma analaumiwa bure.

Ziko zisizo na waya zilizotengenezewa gitaa, kama BOSS Waza-Air, zenye kitumaji chake maalum, na kuchelewa kwake ni kudogo sana. Ila bei iko juu, na mimi niliyesomea biashara siwezi kuitetea mbele ya kamati wakati hedifoni ya waya inafanya kazi ile ile. Amplifaya nyingi ndogo zina tundu lake. Sauti nayo usiipandishe sana. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Kabla ya mazoezi ya Jumamosi, kila mpiga gitaa ajaribu hivi nyumbani. Vaa hedifoni sikio moja, lingine liache wazi, kisha piga uzi mmoja kwa nguvu, mara moja tu. Ukisikia uzi wenyewe kwanza, halafu hedifoni nyuma yake, hiyo Bluetooth iachie matatu na mahubiri. Gitaa lichomekee waya.