GARI LA KIKUNDI LINAPOLIA MBELE



Vikundi vingi vimenunua van kuukuu ya kubeba mboga na abiria. Baada ya miezi michache kwenye barabara zetu, gari linaanza kulia mbele kama kitanda cha zamani kila likipita tuta. Mara fundi anasema, "Badilisheni shokamzoba zote." Pesa za kikundi zinatoka, gari linarudi, na bado linalia! Somo letu ni hili: tafuteni kwanza kinacholia, ndipo mfungue kibeti.

Ni nini hulia?
Katika van nyingi za zamani, kama Toyota HiAce za miaka ya 1990, kila gurudumu la mbele hushikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini. Upande wa fremu, mikono hiyo huchezea kwenye bushi za mpira. Upande wa gurudumu kuna boljointi. Mpira ukikauka au kupasuka, hulia. Boljointi ikikosa grisi, hulia pia.

Jinsi ya kutafuta
1. Egesheni gari mahali tambarare, zimeni injini. Mmoja abonyeze pua ya gari na kuiachilia, mwingine asikilize akiwa kando. Mtu asilale chini ya gari.
2. Acheni kubonyeza, mmwagie bushi moja maji ya sabuni. Bonyezeni tena. Sauti ikinyamaza au kubadilika, mmeipata. Isipobadilika, endeleeni na nyingine.
3. Pamoja na fundi, zuieni magurudumu ya nyuma, inueni mbele kwa jeki, kisha wekeni stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, na mawe huteleza. Fundi atikise tairi akilishika juu na chini. Likicheza, mwenzake akanyage breki. Mchezo ukiisha, shida ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, achunguze boljointi kwa mtaimbo.

Jinsi ya kutengeneza
Msipake oili chakavu kwenye bushi. Kelele itanyamaza siku mbili tatu, lakini oili hulainisha mpira na kuuharibu, na vumbi hugandia hapo.

Bushi iliyopasuka haina dawa, ni kubadilisha, kushoto na kulia. Hapa mafundi wengi hukosea: nati za bushi hizo zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likining'inia, mpira hubaki umejipinda na utakatika upesi.

Boljointi yenye tundu la grisi itiwe grisi. Lakini ikiwa inacheza, au kifuniko chake cha mpira kimepasuka, ibadilishwe. Boljointi inayocheza si kelele tu. Ikichomoka njiani, gurudumu hulala na dereva hawezi tena kuongoza gari. Basi gari hilo lisibebe mtu hata mmoja mpaka litengenezwe, hata kama ni siku ya soko.

Mwisho, pelekeni gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu, tairi zisiliwe upande mmoja.

Maswali ya kujadili
1. Mara ya mwisho tulilipia kipuri gani, na ni nani alihakikisha kwamba ndicho kilichoharibika?
2. Dereva wetu akisema gari si salama, je, tunamsikiliza au tunamhimiza aende tu?
3. Ni nani atakayekagua bushi na boljointi kila mwezi na kuandika kwenye daftari?