Somo la Saba: Maumivu ya Kichwa Wakati wa Mazoezi ya Kuogelea

Lengo la somo: Msomaji aweze kutambua chanzo cha maumivu ya kichwa yampatayo majini, kuchagua vifaa vinavyomfaa, kudai huduma salama kwa mwenye bwawa, na kuzijua dalili za hatari.

Utangulizi

Kuogelea ni zoezi lenye manufaa kwa moyo, mapafu na viungo. Hata hivyo, wako waogeleaji ambao kila watokapo majini vichwa huwauma, nao hukimbilia vidonge. Kidonge hutuliza maumivu, lakini hakiondoi kinachoyaleta. Na mara nyingi kinachoyaleta ni kitu ambacho mtumiaji amekilipia kwa fedha yake: miwani, kofia au huduma ya bwawa. Kabla ya kumeza dawa, jiulize maswali mawili: maumivu yako wapi, na yalianza lini?

1. Maumivu ya paji la uso

Juu kidogo ya kila jicho hupita mshipa wa fahamu unaopanda kwenye paji la uso. Miwani ya kuogelea iliyokazwa mno huubana mshipa huo juu ya mfupa. Maumivu ya namna hii huanza ndani ya saa moja tangu miwani ivaliwe, hukaa pale panapobanwa, na hutoweka ndani ya saa moja baada ya kuivua. Kofia ya mpira iliyo ndogo huweza kuleta adha hiyo hiyo.

Wengi hukaza mkanda kwa sababu miwani inavuja, kumbe kosa liko katika umbo lake. Kabla ya kununua, iweke miwani machoni bila kuuvuta mkanda kichwani, ibonyeze taratibu, kisha uiachie. Ikishika kwa muda mfupi, inaufaa uso wako. Ikianguka papo hapo, kukaza mkanda hakutaiponya. Omba kuijaribu dukani, na utunze risiti.

2. Kichwa kinachogonga

Wanaojifunza kuogelea hubana pumzi kila uso unapoingia majini. Hapo hewa ya ukaa hujilimbikiza katika damu, mishipa ya damu ya ubongo hutanuka, na kichwa huuma. Toa pumzi polepole uso ukiwa majini, ili uugeuzapo upande iwe kazi yako ni kuvuta tu. Usishindane kubana pumzi: mtu aweza kuzimia chini ya maji pasipo onyo.

Fahamu pia kwamba mwogeleaji hutoka jasho ingawa halioni. Kunywa maji kabla ya mazoezi, katikati na baada yake. Anza kwa mwendo wa taratibu, kwani bidii ya ghafla nayo huweza kuamsha maumivu.

3. Maumivu ya shingo na kisogo

Mwogeleaji anayeinua kichwa kutazama mbele huichosha misuli ya shingo, na uchovu huo hupanda hadi kisogoni. Tazama sakafu ya bwawa, na uvutapo pumzi geuza mwili pamoja na kichwa.

4. Maji ya bwawa

Watu wengi hudhani kwamba harufu kali ya dawa ni ushahidi wa maji safi. Sivyo. Harufu hiyo hutokana na kloramini, kemikali zinazozalika klorini inapokutana na jasho na mkojo. Kemikali hizo huwasha macho, pua na koo, na harufu kali huweza kuamsha kipandauso kwa wenye maradhi hayo. Oga kabla ya kuingia, na usikojoe majini.

Mtumiaji anayelipa kiingilio ana sababu ya kuuliza: maji yalipimwa lini, na vipimo vilikuwaje? Kipimo cha pH kinapaswa kuwa kati ya 7.2 na 7.8. Bwawa lililo ndani ya jengo lahitaji pia hewa inayopita vizuri. Msimamizi asiyeweza kuonyesha kumbukumbu za vipimo amekupa sababu ya kutafuta bwawa jingine.

5. Matumizi ya dawa

Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kuogelea. Anayetumia dawa za kawaida, kama parasetamoli, kwa siku 15 au zaidi kila mwezi kwa muda wa zaidi ya miezi 3 aweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Amwone daktari.

6. Dalili za hatari

Toka majini mara moja, mwite mwokoaji, na upelekwe hospitali iwapo:

- maumivu makali kuliko yote uliyowahi kuyapata yamekuja ghafla;
- yanaambatana na kutapika, shingo kukakamaa, kuona viwili viwili au kupoteza fahamu;
- upande mmoja wa mwili umelegea au maneno hayatoki sawasawa;
- yamefuata baada ya kugonga kichwa ukutani au sakafuni.

Maumivu ya ghafla huweza kuwa dalili ya damu kuvuja katika ubongo. Usisubiri yapoe. Na kwa sababu hiyo, usiogelee peke yako.

Maswali ya kujipima

1. Utajuaje kwamba miwani ndiyo inayokuumiza?
2. Kwa nini harufu kali ya bwawa si alama ya usafi?
3. Taja dalili tatu zinazokulazimu kwenda hospitali.