Mabaka Meusi ya Usoni: Aina na Matibabu Yake

Rangi ya ngozi hutokana na melanini, yaani chembechembe za rangi zinazotengenezwa na seli maalumu za ngozi, na mabaka meusi hujitokeza pale seli hizo zinapochochewa na jua, homoni au jeraha hadi zikazalisha rangi kupita kiasi.

Wenye ngozi nyeusi hupatwa sana na madoa yanayobaki baada ya chunusi, ukurutu au vipele vya kunyoa ndevu kupona. Madoa hayo hufifia yenyewe, ingawa huweza kuchukua miezi mingi, ilimradi chanzo chake kimetibiwa, kwa kuwa anayeendelea kutumbua chunusi hujiongezea mapya kabla ya yale ya zamani kutoweka.

Melasma ni mabaka ya kahawia yanayotokea pande zote mbili za uso, hasa mashavuni, kwenye paji na juu ya mdomo. Huwapata zaidi wanawake, hususan wakati wa ujauzito au wanapotumia dawa za uzazi wa mpango zenye homoni, na mara nyingi hupungua baada ya kujifungua. Tiba yoyote itashindwa ikiwa uso haukingwi na jua kwa kofia pana au mtandio, pamoja na krimu ya kuzuia miale yenye kiwango cha kinga cha 30 au zaidi, inayopakwa upya kila baada ya saa 2 mtu awapo juani. Juu ya kinga hiyo, daktari anaweza kuongeza asidi ya azelaiki, au haidrokwinoni kwa muda maalumu, huku dawa za jamii ya retinoidi zikiepukwa na wajawazito.

Hatari kubwa zaidi imo katika mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua ambao muuzaji huuchota kwenye ndoo na kuutia katika kopo lisilo na lebo. Ndani yake huweza kuwamo zebaki, ambayo hudhuru figo na kumfikia mtoto aliye tumboni. Huweza pia kuwamo steroidi kali kama klobetasoli, ambayo huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta chunusi. Au huwamo haidrokwinoni ya kiasi kisichojulikana, ambayo ikipakwa kwa miaka huacha weusi wa kibuluu mashavuni, mgumu mno kutibika. Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi huukabili weusi huo kwa kuongeza mkorogo uleule uliousababisha. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulizitaka nchi wanachama kukomesha utengenezaji na biashara ya vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni kufikia mwaka 2020, lakini kopo lisilo na lebo ni vigumu kulidhibiti kwa mkataba wowote.

Aliyetumia mkorogo kwa muda mrefu anashauriwa kwenda kliniki ya ngozi akiwa na kopo lenyewe, kwa sababu steroidi ikiachwa ghafla uso huweza kuwaka, kuvimba na kutoa vipele, na daktari ndiye atakayepanga namna ya kuipunguza.