Imani ni jina la kike au la kiume?

SWALI: Tunaishi Marekani na tunatarajia mtoto wa kiume. Mume wangu anataka aitwe Imani, lakini majirani wanasema ni jina la kike, tena kila mmoja analitamka kivyake. Tufanyeje?

JIBU: Mpeni jina hilo. Huku nyumbani, kwa wazungumzaji wa Kiswahili, Imani ni jina la wote, wa kike na wa kiume. Profesa Imani Sanga, mtaalamu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mwanamume. Na huko kwenu, Imani Perry, mwandishi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu mwaka 2022, ni mwanamke.

Majirani hawakukosea kwa huko waliko. Wamarekani Weusi walilizoea jina hili hasa kupitia Kwanzaa, sikukuu iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966. Imani ndiyo nguzo ya saba ya sikukuu hiyo, inayoadhimishwa Januari 1. Huko wazazi wengi wamewapa mabinti jina hili, basi mwanenu ajiandae kuulizwa mara kwa mara. Kwangu hiyo si sababu ya kuliacha.

Matamshi ndiyo ya kusimamia. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: i-MA-ni. Wazungumzaji wa Kiingereza wengine huanza na "ai". Warekebisheni mapema, kwa upole, hasa walimu wa chekechea, kwani namna watakavyomwita wao ndiyo wenzake watakayoiga. Na ninyi wenyewe msilipinde ili kuwarahisishia wageni. Mtoto hujifunza jina lake kwa kuwasikia wazazi wake.