Lori limechemsha: tufumue injini au tutafute nyingine?

Wenye malori ya zamani wanauliza, fundi wa injini za dizeli anajibu.

Fundi, Canter yangu yenye injini ya 4D33 ilichemsha ikipanda Kitonga na shehena ya saruji. Dereva alisubiri, akaongeza maji, akafika Iringa. Sasa haina nguvu na maji yanapungua. Nimeambiwa nitafute injini nyingine. Ni kweli?

Usinunue kitu bado, tajiri. Anza na dereva, tena umuulize kwa upole na pasipo watu, maana mbele ya kadamnasi kila dereva alizima gari mapema. Jambo la kujua ni hili: alizima yeye, au injini ilizima yenyewe? Ikiwa ilizima yenyewe, huenda pistoni zilianza kung'ang'ania kwenye silinda, na hapo gasketi peke yake haitakuponya. Pia muulize kama alimimina maji baridi injini ikiwa bado inawaka moto. Hedi ya chuma, kama ya Canter hiyo, haipendi kabisa mchezo huo, hupasuka.

Usimlaumu haraka akisema mshale ulishuka wenyewe. Maji yakishaisha, kipimajoto hubaki hewani na mshale unaweza kurudi chini wakati injini inazidi kuungua.

Kuna vipimo vya kufanya kabla ya kufungua?

Vipo, na vingi havina gharama. Gari lilale usiku kucha bila kuwashwa. Asubuhi legeza nati ya sampu polepole. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia, yatatangulia kutoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki inasema hivyo hivyo.

Kisha jaza rejeta, acha kifuniko wazi, washa injini ikiwa baridi. Mapovu yakitoka mfululizo tangu mwanzo, gesi ya silinda inapenya kwenye maji: ama gasketi imeungua, ama hedi ina ufa. Baada ya hapo fundi atoe nozeli apime kompresheni ya kila silinda. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imekatika katikati yake, na hiyo ni habari njema. Zikiwa chini zote nne, na kibomba cha kupumulia cha injini kinafuka moshi, ringi zimechoka.

Tumefungua. Tuangalie nini?

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika, kwa hiyo uwepo mwenyewe. Hedi isafishwe, iwekwe rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, huku fundi akipitisha fila geji chini yake. Kitabu cha injini yako kina kikomo cha kupinda, nacho ni sehemu ndogo sana ya milimita. Fundi anayepima kwa jicho, mwache.

Hedi iliyopinda husagwa, lakini si bila mwisho. Ikisagwa mno, valvu na ncha za nozeli husogea karibu na pistoni. Tafuta ufa kati ya matundu ya valvu, halafu hedi ipelekwe ikapimwe kwa presha ndani ya maji ya moto, kwa sababu nyufa nyingine hufunguka kwa joto tu. Ya kuchomelea mimi siikubali kwenye lori la mzigo. Bora hedi nyingine. Kama gari lako lina hedi ya aluminiamu, ongeza hofu: joto kali huilainisha, na hata ikinyooshwa, bolti hazitakaza vizuri.

Usiishie juu. Pitisha kucha kwenye ukuta wa silinda. Ikikwama kwenye mkwaruzo, andaa slivu, pistoni na ringi. Kisha sampu ishushwe, zitolewe beringi mbili tatu za konrodi. Oili iliyoungua huwa nyepesi mno, haizilindi. Zikiwa za kijivu laini, shukuru. Zikionyesha shaba, krenki ipimwe.

Wakati gani unasema basi, hii imekufa?

Bloku likipasuka, au krenki ikiwa imegeuka bluu kwa joto, au ilishasagwa mpaka hakuna tena beringi za saizi yake. Mengine yote yanatengenezeka. Wengi hukosea wanapobadilisha gasketi tu juu ya ringi zilizochoka, kisha wanalipa kazi mara mbili.

Lakini injini ya mtumba kutoka Japani si inakuja ikiwa nzima?

Baadhi. Nyingine zilifumuliwa hapahapa zikapigwa rangi. Fungua kifuniko cha tapeti: ukikuta lami nyeusi imeganda, ondoka. Chungulia tundu la kutokea maji. Kutu nene ina maana ilinyweshwa maji matupu. Linganisha stata na pampu, na udai hati zake, maana namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari na lazima ibadilishwe TRA. Kabla haijafungwa, weka pampu mpya ya maji na sili mpya. Ikishaingia, kazi hiyo ni ghali.

Bei zikikaribiana, wewe ungechagua ipi?

Bloku langu nililolipima, kuliko la mtu nisiyemjua. Ila kama chesisi imeoza, usifanye lolote kati ya hayo mawili. Na kama lori linalisha watu kila siku na vipuri vyako vitachukua wiki nyingi kufika, injini ya mtumba iliyokaguliwa ina haki yake.

Hiyo mpya haitachemsha tena?

Itachemsha, usipojua kwa nini ya kwanza ilichemsha. Papasa rejeta injini ikiwa ya moto na imezimwa, mkanda wa feni umesimama: sehemu zilizo baridi zimeziba. Angalia mkanda huo na kifuniko cha rejeta. Watu hudharau kifuniko, lakini chenye alama ya 0.9 huyazuia maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 119. Kikichoka, Iringa kwenye mita 1,500 na ushee maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na injini ya kawaida inakaribia hapo bila kosa lolote.

Na themostati irudishwe. Najua ilitolewa, karibu kila lori ninalofungua halina. Katika injini nyingine kuitoa huacha maji yapite njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na kila mlima unakuwa kesi.

Maji ya bomba yanatosha?

Ya kukufikisha gereji tu. Baada ya hapo weka kulanti.