Orodha ya Wauzaji wa Jumla na Matumizi Yake

Wasomaji, mwenye duka hupata faida yake mahali pawili: anaponunua na anapouza. Wengi wetu hutazama kuuza tu. Katika somo hili tutatazama kununua.

Kwa kawaida bidhaa hutoka kwa mwenye kiwanda, ikaenda kwa muuza jumla, kisha kwa muuza rejareja, ndiye mwenye duka la mtaani. Kila mkono huongeza bei. Baina yao huingia dalali, ambaye hana ghala wala mali, naye pia hutaka chake. Basi mwenye duka mwerevu hutafuta muuza jumla wa kweli, na hapo ndipo orodha humfaa.

Orodha hizi hupanga majina kwa aina ya biashara: nguo, sabuni, vyombo, daftari. Zamani tulizisoma katika kurasa za manjano za kitabu cha simu. Leo nyingi zimo katika simu ya mkononi. Lakini jambo moja halikubadilika. Orodha hukuambia mtu yuko wapi. Haikuambii kama ni mwaminifu. Mara nyingi mwenye jina amelipa ili jina lake liingie.

Jambo hili nililijua nikiwa mtoto. Mama yangu alikuwa na kiduka. Aliona jina katika orodha, bei ya sabuni ikampendeza, akatuma nusu ya fedha. Sabuni haikuja, na simu haikupokelewa tena. Duka likafungwa miezi mitatu, nami nikaenda shule na viatu vya kaka yangu. Mama hakuwa mjinga. Alikosa kuuliza tu.

Basi, kabla ya kulipa, yakupasa kufanya haya:

1. Chagua majina matatu au manne, usishike moja.
2. Kwa kampuni ya Tanzania, tafuta jina lake BRELA, uone kama limeandikishwa.
3. Fika mwenyewe dukani, au mtume umwaminiye. Aliye Morogoro aweza kwenda Kariakoo, Dar es Salaam, na kurudi siku hiyo hiyo.
4. Nunua kidogo kwanza. Tazama alama ya TBS kwa bidhaa zipaswazo kuwa nayo, na udai risiti ya mashine.
5. Piga hesabu ya gharama yote, si bei peke yake.

Hili la tano ndilo huwaangusha wengi. Tuseme muuzaji wa kwanza auza katoni ya daftari 240 kwa shilingi 96,000, yaani shilingi 400 kila moja. Uchukuzi ni shilingi 2,400. Jumla ni 98,400; kila daftari imekugharimu shilingi 410. Muuzaji wa pili yuko mbali. Auza katoni kwa 90,000, yaani shilingi 375 kila daftari. Ni rahisi, sivyo? Lakini uchukuzi wake ni 9,000 kwa katoni. Jumla ni 99,000. Kila daftari ni shilingi 412 na senti 50. Tena hauzi chini ya katoni tano. Shilingi 495,000 zitalala rafuni, na sukari itakapokwisha dukani hutakuwa na fedha ya kununua nyingine.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila muuzaji, bei yake, uchukuzi wake, na siku alizochelewa. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na orodha yako mwenyewe, nayo itakuwa bora kuliko ile uliyoanza nayo.

Zoezi

1. Katoni ya sabuni yenye miche 25 ni shilingi 50,000, na uchukuzi ni 2,500. Mche mmoja umegharimu kiasi gani? Ukiuza kila mche kwa 2,400, faida ya katoni ni ngapi?
2. Muulize mwenye duka wa jirani yenu alimpataje muuza jumla wake wa kwanza. Andika jibu lake.